Mfereji wa Baba Mkwe

4 Agosti

Daftari hili ni la Shangazi. Alilinunua aandikie vipimo vya nguo za wateja, lakini tangu tuhamie kambini hajapata mteja hata mmoja, maana hapa kila mtu anavaa ovaroli ya kampuni. Leo kanikabidhi. "Andika humo hasira zako," kasema, "usiwe unanimalizia mimi." Haya, naanza.

Mimi ni mpima wa mradi. Kazi yangu ni kubeba darubini ya miguu mitatu na kuwaambia watu kwamba walichojenga kimezidi juu au kimezidi chini. Si kazi ya kupendwa. Mradi wenyewe ni huu: tunajenga ukuta mfupi kukatiza mto, unaitwa banio. Maji yakizuiwa pale yanapanda kidogo, yanaingia kwenye mfereji uliopita ubavuni mwa kilima, yanatulia kwenye birika kubwa la zege, kisha yanaporomoka ndani ya bomba mpaka nyumba ya mitambo iliyo bondeni. Huko yanazungusha mtambo, umeme unapatikana, na maji yanarudi mtoni. Shangazi kanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mnauiba mto?"

"Tunauazima, Shangazi. Tunaurudisha mbele kidogo."

"Waazimaji wote husema hivyo hivyo."

Shangazi yuko hapa kwa sababu mchumba wangu yuko hapa. Yeye ni fundi umeme wa nyumba ya mitambo. Familia ilipogundua kwamba tumepangiwa mradi mmoja iliitisha kikao, na uamuzi ukawa kwamba Shangazi, ambaye ndiye mshenga wetu, aje akae katikati. Na kweli anakaa katikati, yeye na cherehani yake. Mchumba wangu wenzake wanamwita Fyuzi, kwa kuwa maongezi yakipata moto kidogo tu yeye hukatika.

Sasa lile linaloninyima raha. Msimamizi wa ujenzi wa mfereji ni baba yake Fyuzi, yaani baba mkwe wangu mtarajiwa. Kambi nzima inamwita Pima Maji, kwa sababu ya kile kifaa cha waashi, cha kiputo ndani ya kioo, ambacho hakitoki kwapani mwake hata akila. Amejenga tangu ujana wake, na husema hajawahi kuacha nyuma kitu kilichoinama. Jana alikata kauli mbele ya watu wote: "Harusi ni baada ya maji kupita. Mimi sijengi viwili kwa mpigo."

Na maji yasipopita kabla ya mvua za Novemba, mto utafura, kazi itasimama mpaka kiangazi kijacho, na harusi nayo itasimama hapo hapo. Nguo yangu Shangazi ameshaikata. Simwambii mtu, ila mimi nina hamu na hiyo harusi kuliko nionyeshavyo.

5 Agosti

Jua. Vumbi. Sukari imeisha kambini na kila mtu anamshuku mwenzake.

11 Agosti

Leo tumefunga nusu ya mto. Viroba vya mchanga vimepangwa kuanzia asubuhi, safu juu ya safu, mpaka maji yakahamia upande wa pili na kutuachia kitanda kitupu, ili tujenge nusu ya banio pakavu. Pima Maji alishuka akasimama katikati ya kokoto, mikono kiunoni.

"Nimeuambia upishe," alisema, "na umepisha."

Kwenye matope yalipatikana viatu vitatu vya miguu ya kushoto, meno ya bandia, na sufuria nzima yenye mfuniko. Shangazi kaichukua sufuria. Kaisugua mpaka jua likazama na sasa tunaipikia. Meno hakuna aliyejitokeza kuyadai.

Kuanzia kesho nahamia banioni, niko huko mpaka msingi uishe. Vigingi vya mfereji nimeshavipigilia vyote, kila kimoja na alama yake nyekundu. Kila mita moja ya mfereji sakafu inatakiwa ishuke milimita mbili. Kitu kidogo sana, jicho halikioni, lakini maji yanakiona.

19 Agosti

Banioni. Nimeungua pua.

29 Agosti

Nimerudi mferejini na afadhali ningebaki banioni.

Mfereji unakwenda vizuri mpaka kwenye kona ya mwamba. Kuanzia pale, kipande kirefu kama cha viwanja viwili vya mpira kimelala. Hakishuki hata unywele. Nikapima. Nikahamisha darubini nikapima tena. Nikafuta kioo kwa ncha ya kitenge, nikapima mara ya tatu nikiomba niwe mimi ndiye kipofu. Kimelala. Mwisho wa kipande hicho, pale kilipokutana na sehemu iliyojengwa kwa vigingi vyangu, kuna kidato cha kufika karibu na goti, kimepigwa lipu safi kabisa. Na vigingi vyangu vya kona vimeng'olewa, vimefungwa kamba na kuegeshwa pembeni kama kuni.

Nilikuwa bado nimeinama kwenye darubini nikasikia nyuma yangu, "Unapendezwa, mwanangu?"

Pima Maji alichuchumaa, akatoa kifaa chake kwapani, akakilaza sakafuni. Kiputo kikaenda kikatulia katikati ya mistari miwili. Uso wake wote uling'aa.

"Tazama. Nyoofu mwanzo mpaka mwisho. Vile vigingi vyako vilikuwa vinateremka teremka, nikajua uliharakishwa. Hukuwa na muda, mwanangu, si kosa lako. Nimekurekebishia."

"Na hiki kidato, baba?"

"Hicho nimekitia kwa urembo."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na maneno yote: baba, mfereji si sakafu ya sebule, mfereji lazima ushuke, maji yakifika hapa yatapoteza mwendo, yatajaa nyuma na kumwagika. Ni sentensi moja tu. Mtoto wa darasa la tano angeisema. Nilimtazama yule mzee aliyechuchumaa juu ya kazi yake, baba wa mume wangu mtarajiwa, mtu ambaye mbele yake sijawahi hata kunywa chai nikiwa nimesimama.

"Kazi nzuri, baba," nikasema.

Nimejichukia toka muda huo mpaka sasa naandika.

30 Agosti

Nimemwambia Fyuzi. Nimemfuata mpaka nyumba ya mitambo, nikamkuta amekaa juu ya bunda la nyaya anakula muhogo.

"Mwambie baba yako mfereji hauna mteremko."

Kaacha kutafuna. "Mimi?"

"Ni baba yako."

"Ndiyo maana." Kafikiri sana, nikaona anatafuta pa kukatikia. "Tena mimi ni mtu wa umeme. Maji na umeme havichanganywi. Ni suala la usalama."

Nimeondoka bila kuaga. Nyuma yangu nimesikia anaendelea na muhogo.

3 Septemba

Nimemtuma mshenga.

Nilijieleza hivi: kama kuna mtu aliyewekwa maalumu kwa ajili ya kupeleka kwa wakwe maneno ambayo bibi harusi hawezi kuyatoa mdomoni, basi mtu huyo nalala naye chumba kimoja. Nilimkalisha Shangazi kitako nikamfundisha. Nilimwinamishia sinia, nikamwaga maji, nikamwonyesha yanavyokimbia. Nikalilaza sinia, nikamwonyesha yanavyoduwaa. Kaelewa haraka kuliko Injinia wetu. Kavaa kitenge chake kizuri, kajipaka mafuta, kaenda. Nimekaa mlangoni roho juu juu.

Karudi baada ya muda mrefu, amebeba soda mbili na amenawiri.

"Umemwambia?"

"Tumezungumza vizuri sana. Yule bwana ana adabu. Kanipa kiti chenye mto."

"Shangazi. Mteremko."

"Nilianza nao, mwanangu. Nilimwambia tumekuja, kuna jambo limetulemea kifuani. Nikaona uso wake umechangamka. Nikajisemea, mtu hamwendei mwenzake na baya tupu, tangulize zuri. Basi nikataja harusi." Kafungua soda kwa meno. "Lile baya likakosa nafasi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mnaoana tarehe kumi na saba Oktoba. Siku hiyo hiyo ya kufungulia maji. Anataka wageni wote wasimame pale kwenye kona ya mwamba, waone maji yanavyopita."

Nimekunywa ile soda ya pili. Sikuwa na la kufanya.

4 Septemba

Fyuzi anafurahi. Anasema unaona sasa, mambo yamejipa yenyewe.

12 Septemba

Nimejaribu njia ya mzunguko. Nimepita kwenye ile kona nimebeba ndoo ya maji, Pima Maji akiwa amesimama pale, na nikajikwaa. Nilijikwaa vizuri, hata goti limechubuka kweli. Ndoo nzima ikamwagika mferejini, mbele ya miguu yake.

Tukayatazama maji sote wawili. Yalitanda kidogo huku, yakatanda kidogo kule, yakatulia. Jani moja kavu lilikuwa linaelea juu yake na halikwenda popote. Nilingoja aone. Na akaona.

"Umeona hilo jani?" kasema taratibu, karibu machozi yamtoke. "Limesimama. Miaka yote hii sijapata kulaza sakafu namna hii."

Kaniomba nisimwambie mtu kwamba nilianguka, watu wasije wakasema sakafu yake inateleza.

20 Septemba

Shangazi kanivalisha nguo, kanijaza pini. Kasema nimekonda kiunoni na kuanza upya kushona. Wingu moja juu ya milima, dogo, lilikaa mchana kutwa.

28 Septemba

Injinia kapita leo na simu yake sikioni. Yeye ndiye mkuu wa mradi, na nadhani simu hiyo wameshonewa pamoja. Kaniuliza kwa ishara ya kidole gumba: vipimo viko sawa? Nami nimejibu kwamba kuna kipande nahakiki. Kidole kikapanda juu. Kaondoka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe ni ukuta, na umepigwa lipu.

Mawingu matatu.

1 Oktoba

Kadi za mwaliko zimetoka. Pima Maji kazipanga mezani zote zikiwa zimenyooka, kazipima.

6 Oktoba

Nikilala bila kuandika nitapasuka.

Mvua imekuja mapema. Si hapa, huku kwetu jua lilikuwa linawaka. Imenyesha huko juu milimani usiku kucha, na asubuhi mto umeamka rangi ya chai ya maziwa na sauti nyingine kabisa. Kufika saa nne maji yalikuwa yanalamba safu ya juu ya viroba. Vikiondoka viroba, banio letu ambalo zege lake la mwisho halijakauka linaondoka navyo, na mwaka mzima unaondoka. Kila mtu alikimbilia huko. Wapishi, walinzi, Shangazi amefunga kitenge kifuani anajaza mchanga kwa ile sufuria ya mtoni. Injinia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na simu. Ilikuwa imeshaanguka majini.

"Fungua lango la mfereji!" akapiga kelele. "Tuyapunguze maji, yapitie mferejini!"

Ulikuwa uamuzi sahihi. Mtu yeyote angeamua hivyo, kama mfereji ni mfereji. Nilisema, "Injinia, ngoja," lakini nani angesikia? Lango likafunguliwa. Maji yakaingia kwa nguvu, watu wakashangilia, na Pima Maji akaanza kukimbia kandokando ya mfereji sambamba na maji yale, anacheka kama kijana, anayasindikiza. Nami nikakimbia nyuma yake.

Mpaka kona ya mwamba alikuwa anacheka. Maji yakafika pale kwenye kipande chake, yakapunguza mwendo. Yakawa yanatembea. Nyuma yao yalikuwa yanakuja mengine ambayo hayakuwa na habari, nayo yakapanda juu ya wenzao, na ukingo ukaanza kumezwa. Kwanza mstari mwembamba tu kama ulimi. Halafu upande mzima.

Na chini ya pale, ubavuni mwa kilima, kuna nyumba moja tu. Ya Pima Maji. Aliichagua mwenyewe ili akiamka afungue dirisha aone kazi yake. Maji yakateremka moja kwa moja yakagonga mlango wa nyuma yakaingia. Muda si mrefu godoro lake likatoka mlango wa mbele, taratibu, kama mgeni aliyeshiba. Juu ya godoro ilikuwa imelazwa suti ya harusi.

Alikuwa amesimama ameshika kile kifaa, anakiweka ukingoni, anakitazama, anakiweka tena. Kiputo kilikuwa katikati. Bila shaka kilikuwa katikati! Na maji yalikuwa yanaendelea kuja, na yangekula udongo chini ya mfereji mpaka mfereji wote uporomoke bondeni, juu ya nyumba ya mitambo na kila aliyemo. Pale pale kwenye kona lilikuwepo lango dogo la kutolea maji kuyarudisha mtoni, gurudumu lake liko hatua chache kutoka mguuni pake, naye ameganda.

Ndipo nikasikia sauti yangu. Kambi nzima imeisikia, wameniambia hata walio banioni waliisikia.

"We mzee! Acha hicho kidude ufungue lango! Huu mfereji hauendi popote, umeulaza mwenyewe!"

We mzee. Hivyo hivyo. Baba mkwe wangu.

Alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa ghafla. Gurudumu lilikuwa zito, nikalining'inia peke yangu halikutikisika, na mara nikaona mikono mingine miwili pembeni ya yangu. Fyuzi. Alikuwa amepanda kilima kutoka nyumba ya mitambo, amelowa mpaka kifuani, na glavu zake za umeme bado mkononi.

"Havichanganywi, eh?" nilimwambia tukisukuma.

"Kimya, zungusha," akasema. Hakukatika.

Lango likafunguka. Maji yakapungua. Jioni mto nao ukashuka, viroba vimesimama, banio limepona. Injinia kakagua na kusema kwamba hicho kipande kivunjwe sakafu kijengwe upya, na tuna kama wiki tatu kabla ya mvua zenyewe. Ikishindikana, ni kiangazi kijacho.

Lakini kambini hakuna anayezungumzia mfereji. Wanazungumzia "we mzee".

"Mfereji utajengwa upya," Shangazi kaniambia, akikamua maji kwenye suti ile iliyookotwa chini ya mkorosho. "'We mzee' utaijengaje upya?"

Nimelia. Nilikuwa na haki na nimelia.

7 Oktoba

Hajasema neno. Hajaja kazini.

8 Oktoba

Hajasema. Mafundi wameketi tu na nyundo zao, hakuna anayethubutu kuvunja kazi yake bila ruhusa yake. Nimempikia uji, nikampa Shangazi apeleke. Bakuli limerudi tupu. Shangazi anasema hiyo ni dalili njema. Fyuzi anasema baba yake hula uji hata msibani.

9 Oktoba

Nguo yangu Shangazi kaifunika kwa shuka. Anadhani sijaona.

10 Oktoba

Manyunyu.

11 Oktoba

Leo asubuhi Shangazi aliitwa kwake. Alikwenda kama anakwenda kupokea maiti. Nami nikaanza kukunja nguo zangu, kwa sababu mtu akirudishiwa uchumba wake hawezi kuendelea kukaa hapa anapima.

Karudi, kasimama mlangoni, hakuingia. Kasimama rasmi, mikono mbele, kama siku ile ya posa.

"Hodi wenyeji. Nimetumwa."

"Shangazi, ni mimi tu."

"Nimetumwa na upande wa mume," kaendelea, macho juu darini. "Wanasema hivi. Kuna neno limetokea baina yetu, neno zito, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini wanauliza, kwa heshima zote, na wanaomba jibu kabla ya saa sita mchana." Hapo kavuta pumzi, maana alikuwa amelikariri njiani. "Kwa kila mita moja, ishuke milimita ngapi?"

Nilikaa kitandani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikalia tena, safari hii vizuri.

"Mwambie mbili."

"Siwezi kwenda na jibu kavu kavu namna hiyo."

"Mwambie upande wa mke umepokea salamu, umefurahi, na umesema mbili. Na mwambie nakuja mwenyewe."

Nilimkuta amechuchumaa kwenye kona ya mwamba, kaniachia nafasi pembeni yake. Nilitaka kuomba radhi, ila niliogopa nikiomba radhi kwa "we mzee" ataelewa nimeomba radhi kwa mteremko pia, na mteremko siuombei radhi kwa mtu.

"Nimekukosea adabu, baba. Kipimo hakijakukosea."

"Najua," kasema. Kakizungusha kile kifaa mkononi. "Lile jani. Ile siku ya ndoo. Hukujikwaa."

"Sikujikwaa."

"Ulichubuka goti lote ili usiniambie." Katikisa kichwa. "Sasa mwanangu, mimi nitajengaje kwa kiputo kilichokaa upande? Mkono wangu haujui. Nikikiona hakiko katikati, mkono wenyewe unarekebisha."

Kweli hajui, na mtu wa umri wake hawezi kubadilishwa mkono kwa wiki tatu. Nikamwomba kiberiti. Nilitoa njiti moja, nikakata kichwa chake cha baruti, nikaibandika kwa gundi ya Fyuzi ya nyaya chini ya ncha moja ya kifaa. Kifaa kina urefu wa mita moja kasoro kidogo na njiti ina unene wa milimita mbili. Nikamwambia, ncha yenye njiti iwe upande maji yanakoelekea. "Jenga mpaka kiputo kikae katikati, baba. Kama kawaida yako."

Alikiweka. Alikiinua, akatazama njiti, akakiweka tena. Halafu akasimama akawaita mafundi wote kwa sauti yake ya zamani.

"Vunja!" alisema. "Vunja yote. Na kile kidato cha mwisho nianze nacho mimi."

12 Oktoba

Nyundo tangu alfajiri.

17 Oktoba

Leo ndiyo ingekuwa harusi. Nimekula ugali na vumbi la zege. Mafundi wengine wanadhani njiti ni dawa.

23 Oktoba

Mvua ya saa moja. Tumefunika zege kwa maturubai ya harusi.

30 Oktoba

Nimepima kipande chote. Nimehamisha darubini nikapima tena, na Pima Maji amesimama nyuma yangu hapumui. Kinashuka. Mita kwa mita, kinashuka kama nilivyokiandika. Nilipogeuka nilitaka kusema "kazi nzuri, baba", lakini maneno hayo nilikuwa nimeshayachafua. Nikamwambia, "Njoo uone mwenyewe." Akaweka jicho kwenye darubini kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akasema kila kitu kiko karibu mno, si haki.

7 Novemba

Maji yamepita na nimeolewa, kwa mpangilio huo.

Wageni walisimama kwenye kona ya mwamba wamevaa nguo za kutokea. Lango likafunguliwa, maji yakaja, yakafika kwenye kona, na hayakusita hata kidogo. Pima Maji, suti yake imebana tangu iloe, alitupa jani moja. Likaenda. Alilifuata kwa macho mpaka likapotea kuelekea birika, na sote tukashuka bondeni kumfuata yeye. Fyuzi alikuwa ndani ya nyumba ya mitambo amevaa tai na glavu. Mtambo ulinguruma, ukaanza kuimba, na taa iliyotundikwa mlangoni ikawa nyekundu, ikawa njano, ikawaka. Shangazi alipiga vigelegele mpaka akakaukiwa. Halafu akaenda mahali maji yanapotoka kurudi mtoni, akachota kwa kiganja, akaonja.

"Ni yale yale," akawatangazia wageni. "Wamerudisha."

Mvua kubwa imetukuta kwenye keki.

15 Novemba

Mvua haijakatika siku nane. Mto ni mkubwa kutisha, na mfereji unachukua sehemu yake tu na kuiacha iliyobaki iende zake. Tumepewa nyumba ya wafanyakazi, vyumba viwili, taa kila chumba. Shangazi amerudi kwake jana. Kasema kazi ya kukaa katikati imekwisha, na kaniachia daftari na sufuria.

Zawadi ya baba mkwe ni meza. Kaitengeneza mwenyewe kwa mbao zilizobaki za kumwagia zege, nzito, nzuri, na ndiyo ninayoandikia sasa. Ila kila nikiweka kalamu chini, inabingirika mpaka ukingoni inaanguka. Nimeiokota mara nne. Fyuzi alikuwa ananitazama kutoka kitandani.

"Usiniangalie mimi," kasema. "Mimi ni mtu wa umeme."

Baba mkwe alikuwa barazani anakunywa chai. Sikumtuma mtu. Nikachungulia mlangoni nikasema tu, kama ninavyosema kwa watu wote, "Baba, meza imeinama."

Kaingia. Katoa kifaa chake, kakilaza mezani. Kiputo kikatulia katikati. Kaniangalia kwa ushindi. Nami nikakigeuza kifaa juu chini, nikamwonyesha njiti.

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye shati. Meza, kitanda chetu, rafu ya vyombo, vyote alivitengeneza baada ya mfereji, na vyote vinashuka milimita mbili kila mita, kuelekea mtoni. Alipomaliza kucheka aliibandua ile njiti kwa ukucha, akanifungulia kiganja, akaiweka humo na kuvifunika vidole vyangu.

"Ishike wewe," kasema. "Siku nyingine nikilaza kitu, usijikwae."

Nimeigandisha hapa chini ya ukurasa kwa gundi. Meza atakuja kuirekebisha mvua ikikatika. Kalamu imeanguka tena.